Kabla Hujalishusha Paa la Baba Yako

Nakumbuka siku moja ya kiangazi hapa hapa Kinyangiri, nikiwa bibi harusi mpya ambaye bado anaona haya kutafuna mbele ya wakwe, mimi na baba yako tulipoamka na majembe kwenda kubomoa tembe la wazazi wake. Ulikuwa hujazaliwa, Elia mwanangu. Tulikuwa vijana, tulitaka nyumba ya kisasa, na tuliitaka siku hiyo hiyo.

Bibi yako, mama yake baba yako, akasimama mlangoni. "Hakuna anayegonga ukuta huu kabla sijaukung'uta," akasema.

Wewe tembe hukuliwahi. Kuta za miti na udongo, paa tambarare la udongo, ndani ubaridi mtamu mchana kutwa. Hata leo nikifumba macho naisikia ile harufu ya moshi na maziwa. Lakini kwenye nyufa walijificha papasi, wale wadudu wanaokuuma usingizini na kukuachia homa. Kwa hiyo bibi yako alichota udongo wa kila pembe, akaumwaga juu ya kitambaa cheupe juani, akachuchumaa kusubiri. Baba yako akaninong'oneza kwamba mama yake ameanza kuanika udongo kama mtama. Tulikuwa tungali tunacheka udongo ulipoanza kutembea. Siku hiyo hatukubomoa kitu. Tulihamia kwa jirani mpaka kuta ziliponyunyiziwa dawa.

Ndipo tukajenga hii nyumba uliyoirithi. Baba yako alipata mabati ya saruji, haya ya kijivu yenye mawimbi, kutoka kwenye ghala moja lililobomolewa mjini. Aliyakata kwa msumeno pale uani huku akiimba, vumbi jeupe limemjaa kichwani mpaka nikamwita babu. Alikuwa mzuri, mwanangu! Bibi yako akaja, akalitazama lile vumbi.

"Na haya mmeyakung'uta?"

"Mama, papasi gani anaishi kwenye saruji?" baba yako akamjibu. Tukacheka sote, hata yeye.

Uzeeni baba yako kifua kikambana. Kikohozi chake unakijua, ulikuwa unakisikia ukiwa bado hujafika getini. Daktari akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi ya vumbi. Hapo ndipo tulipolisikia neno asbesto: kwamba baadhi ya mabati ya zamani yalichanganywa na nyuzinyuzi ndogo mno, jicho halizioni, na ukiyakata au kuyavunja zinapaa, zinaingia mapafuni na kukaa humo miaka na miaka. Je, haya yetu yanazo? Hakuna aliyewahi kuyapima. Baba yako alitutoka bila jibu, na mimi nimebaki na swali ninalolala nalo.

Sasa unaniambia Jumamosi vijana wanakuja na nyundo kulishusha paa, na mkeo ameshawaahidi majirani vipande vya kuezekea mabanda ya kuku. Wewe na haraka zako! Ni baba yako mtupu.

Nisikilize basi. Waambie vijana wasubiri. Usipande, usigonge, usikate, wala usijimegee kipande mwenyewe. Nenda kwa afisa afya umuulize ni nani mwenye ujuzi wa kuchukua sampuli. Huyo atalowesha kwanza, atachukua kipande kidogo, atakifunga vizuri na kukipeleka maabara. Kitambaa cheupe cha bibi yako hapa hakisaidii, maana hizi nyuzi hazitembei juani ukaziona. Jibu likija kwamba hazimo, pandeni mkaimbe, nami nitawapikia. Likija kwamba zimo, waachie waliosomea kuyashusha na kuyazika, na kuku wa majirani waendelee kulala chini ya nyasi. Mkeo akinuna, mlete kwangu. Atakununia wiki, lakini hatakuwa mjane anayetazama dari na kujiuliza.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki nyumba yako, akupe kifua cha kuimbia ndani yake, mpaka siku kichwa chako kitakapokuwa cheupe kwa uzee, si kwa vumbi.