Nani Atakuangalizia Meza

Nakumbuka siku moja ya mwanzo wa Ramadhani, mwanangu, na jana nimeikumbuka tena niliposikia kwamba umewapigia simu wakulima wa Kidichi wakuuzie wewe majimbi yote kabla gari halijafika sokoni. Umejiona mjanja. Na mimi nilikuwa mjanja hivyo hivyo, tena bila simu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina meza yangu sokoni hapa mjini na mdomo usiokaa kimya. Alfajiri ile nilikodi mkokoteni, nikawawahi wakulima njia panda, nikanunua mzigo wote. Wenzangu walipofika hawakupata hata jimbi moja la kuweka mezani, na kila nyumba ya mjini inataka majimbi ya futari. Nilifurahi, sikufichi. Nilipanga mafungu yangu huku najichekea.

Kwenye meza ya pembeni yangu alikuwa Bi Mize, mjane mwenye watoto wanne, na majimbi ndiyo biashara yake pekee. Hakunigombeza. Ilipoadhiniwa adhuhuri nilimwambia, kama tulivyozoea kuambiana sote pale, "Bi Mize, niangalizie, nnakwenda kusali." Akaitikia, "Haya, nenda."

Niliporudi nilimkuta kwenye kigoda changu, anawauzia wateja wake mwenyewe majimbi yangu, tena anawachagulia yaliyo mazuri. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Wateja wangu nimewaleta kwako wapate kufuturu," akasema huku anainuka. "Mimi na wanangu tutajua wenyewe. Lakini kesho ukenda kusali, mimi usinambie."

Kesho yake adhuhuri niliomba kuangaliziwa, meza baada ya meza. Mmoja alijifanya hasikii, mwingine akajishughulisha na mchicha wake. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilisali adhuhuri alasiri imekaribia, baada ya kufunga biashara na kubeba kila kitu nyumbani peke yangu.

Siku ya tatu nilirudi njia panda alfajiri, safari hii sikununua kitu. Niliwapakilia wakulima mizigo yao kwenye mkokoteni niliokodi mimi, nikafuatana nao mpaka sokoni, na wa kwanza nikamsimamisha kwa Bi Mize.

"Nimekosa, Bi Mize," nikasema mbele ya watu wote.

Alichagua majimbi yake bila kunitazama. Ilipoadhiniwa adhuhuri akasimama, akajitanda kanga yake vizuri, akaniambia, "Niangalizie." Nililia, mwanangu, huku nawauzia wateja wake.

Basi wapigie tena hao watu wa Kidichi, leo hii, uwaambie mzigo uje sokoni kila mtu achague. Wahi kufika, chagua kabla ya wenzako, waite wateja kwa sauti kuliko wote. Hiyo ni haki yako, na ukishindwa nitakucheka. Lakini jirani yako mwachie kitu cha kuweka mezani, kwa sababu mchana utafika na wewe utataka kuondoka kidogo. Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya riziki, akujaalie wateja wasiokwisha, na pembeni yako akuwekee mtu wa kumwambia "niangalizie" naye akaitikia kwa moyo mweupe. Amin.