Roma ya Mtoni

Revelian alikuwa karani wa reli, na hakuwa na safari iliyo ndogo mno kuandikiwa ratiba. Hata akienda kunyoa nywele pale Temeke, alimwambia kinyozi Shomari kabla hajakaa kitini, "Una dakika kumi na nane." Shomari alishazoea. Alinyoa kwa dakika thelathini na hakuomba radhi.

Kwa hiyo mwaka 1954, wakubwa wake walipomchagua kwenda Uingereza miezi minne kusomea mambo ya mizigo, na wakamkubalia wakati wa kurudi ashuke Roma siku tatu atembee, watu wa mtaani walijua ni nini kitafuata. Uingereza yenyewe hakuisumbukia. Uingereza ilikuwa kazi. Roma ndiyo iliyomnyima usingizi, maana alikuwa mtoto wa Kikatoliki wa Bukoba, na Kilatini cha kanisani alikiimba kabla hajaijua maana ya hata neno moja.

Padri Alfonsi alimwazima ramani ya mji huo. Revelian aliinakili kwa kalamu ya risasi, akapima kwa rula, akaona kwamba kutoka stesheni hadi kanisa la Mtakatifu Petro ni kama maili mbili na nusu. Hapo akakwama. Ramani haikusema mtu mwenye miguu mifupi na viatu vipya atatumia dakika ngapi. Akaona dawa ni mazoezi. Mlango wa nyumba yake ukawa stesheni ya Roma, Mto Kizinga kule Mtoni ukawa ule mto wa Roma, na duka la Haiderali, ng'ambo ya daraja, likawa kanisa la Mtakatifu Petro.

"Mie nakuja," alisema mkewe, Kokushubila, siku ya kwanza, akajifunga khanga yake nzuri. "Na mie nataka kuiona Roma."

Wakawa wanakwenda kila Jumamosi mchana, Revelian mbele, saa mkononi na karatasi kifuani, Kokushubila nyuma. Mtaa mzima ulifaidi. Wauza kahawa waliwaulizia hali ya Papa. Haiderali, alipoelezwa kwamba duka lake ni kanisa, alicheka hadi akafuta macho, kisha akaichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Alikaa mlangoni na kipande cha boksi, akiandika saa ya kufika.

"Leo umechelewa dakika nne, Bwana Revelian," alimwambia Jumamosi ya pili. "Kanisa nimefunga. Nauza sukari tu."

Jumamosi ya nne Revelian alifika kwa dakika arobaini na nane kamili. Alirudi nyumbani kifua mbele, akakaa kusubiri ndizi zake. Kokushubila alimpakulia, lakini sahani hakumpa.

"Baba Yuliana, umeona nini?"

"Dakika arobaini na nane."

"Hizo nimezisikia. Nauliza njiani umeona nini."

Revelian alifikiri sana. "Barabara," alisema.

"Pale darajani kulikuwa na nini?"

Hakujua.

"Kulikuwa na harusi," alisema Kokushubila. "Tumepita katikati yake. Wewe umemkanyaga bwana harusi kanzu."

Revelian alitaka kucheka, akamtazama mkewe, akaacha.

"Mie Roma sitafika," Kokushubila aliendelea. "Nalijua hilo na sina kinyongo. Roma yangu ni ile utakayonisimulia hapa jikoni, na nimeingoja kuliko wewe. Sasa ukiniletea dakika, nitazipika?" Akamsogezea sahani. "Jumamosi ijayo acha saa, acha na karatasi. Tukirudi, nitajie vitu kumi ulivyoviona. Ukishindwa, hizo siku tatu ziache, rudi kwako moja kwa moja. Watoto watakuwa wamekukosa vya kutosha."

Hakuwa akitania, na Revelian alimfahamu mke wake. Neno lake likishatoka, limetoka. Juma lile ofisini hakuandika sawasawa hata hati moja ya mizigo. Roma aliyoiimba tangu utotoni ilikuwa inamponyoka, na aliyeishika alikuwa akichambua maharage nyumbani.

Jumamosi alitoka mikono mitupu, akiyakodolea macho mapaa na makuti kama askari anayemtafuta mwizi. Alipofika dukani, Haiderali alikuwa na boksi lake tayari.

"Dakika ngapi?"

"Sijui," alisema Revelian.

Haiderali akampa maji ya kunywa na kumwuliza kama ana homa.

Jioni Kokushubila alikaa na ungo wake. Revelian alisimama mbele yake kama mtoto wa katekisimu, akaanza. Mlango uliopakwa rangi ya bluu upande mmoja tu. Fundi cherehani anayeshona huku mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Mbuzi juu ya gari bovu. Kisima chenye foleni ya madebe bila watu. Alipofika cha tisa, akakwama.

"Bado kimoja," alisema Kokushubila.

Revelian alitazama sakafu. "Nimemwona mwanamke," alisema. "Pale darajani alishika ukingo kwa mikono miwili. Mguu wa kushoto anaukanyagia vidole. Nikigeuka, anajinyoosha, anatembea sawasawa. Nikijifanya natazama mbele, anachechemea."

Kokushubila aliendelea kuchambua.

"Tangu lini, Mama Yuliana?"

"Tangu Kwaresima."

Mwezi ule ulikuwa wa nane.

"Na umenifuata hadi Mtoni mara tano. Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Ratiba ilikuwa imejaa."

Aliona aibu, tena aibu kubwa. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mkewe, akauchukua ule mguu akauweka mapajani mwake na kuanza kuukanda. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita, na makarani wa siku zile hawakuwa wakifanya hivyo mbele za watu. Kokushubila aliusogeza ungo pembeni.

"Vimetimia kumi," alisema. "Roma ushuke."