Mikia ya Maneno Katika Kitabu cha Mlinzi

Mwaka 2017 nilikuwa nauza karanga mtaa wa Marshalltown, huku kusini mwa Afrika, mbele ya jengo la ofisi alilolilinda Astère. Mrundi wa mkoa wa Ngozi huyo, mrefu hata njiwa walitua begani mwake wakidhani ni mlingoti. Msioamini, shauri yenu. Ana pacha wawili, ukiwasalimia Kiswahili wanakujibu Kizulu.

Kila saa mlinzi sharti aandike katika kitabu cha matukio nini kimepita. Astère alikuwa anajaza kurasa kwa kurasa. Mimi bibi wa karanga sijui kusoma, basi nikawa namsifu kwa watu: huyu hata nzi akipita anamwandika. Siku moja mchana akaja msimamizi wa walinzi, Hénock, Mkongo wa Lubumbashi. Nikamwambia afungue kitabu aone kazi ya mwanamume.

Akafungua. Uso ukamkauka. Akasoma kwa sauti; hapakuwa na tukio hata moja. Astère alikuwa na kamusi mbili kuukuu kutoka kwa muuza vitabu wa barabarani, ya Kijerumani na ya Kiitaliano, na mle kitabuni alikusanya mikia ya maneno, ile aliyozoea kunisimulia. -Chen, -lein na -ino hufanya kitu kidogo, kama sisi tusemavyo kitoto, ila wenzetu wanabandika nyuma. -One hukikuza. -Accio hukitia ubaya. Na -heit, aliwahi kunieleza, zamani lilikuwa neno zima lenye maana ya hali, likitembea peke yake; leo haliendi popote bila kushika nguo ya mwenzake. Kumbe hata neno linazeeka likahamia kwa watu?

Hénock akasema mtu huyu ameonywa mara mbili kwa kusoma kazini. Avue koti la kampuni aende zake. Astère akaanza kufungua vifungo. Mdomo wangu ndio uliowanyima pacha ugali.

"Baba Hénock," nikasema, "unamfukuza mtu kwa kutunza siri ya kampuni?"

Akageuka.

"Hizo ni alama. Akipita kibaka mdogo, anaandika -ino. Likipita jitu, -one. Mwenye kisu, -accio. Ukiandika mwizi waziwazi, mwizi si atasoma?"

"Na hii -heit?"

"Hali shwari."

Akahesabu kwa kidole. -Accio kumi na nne, wiki moja tu. "Eish. Wote hawa wamepita hapa?"

"Na hakuna aliyeingia."

Astère, asiyejua uongo, akafungua mdomo. Nikaujaza karanga.

Hénock akamwamuru afunge koti. Kisha akasema Jumatatu walinzi wote kumi na wawili wa mtaa watakuja kufundishwa alama hizo, na mwalimu ni Astère. Akaondoka akitikisa kichwa.

Astère alinitazama kana kwamba nimemsukuma kutoka ghorofa ya ishirini. Nikamwuliza analia nini, kazi si anayo. Akatafuna, akameza.

"Jumatatu utakuja nawe, Bibi," akasema. "Lugha uliyoitunga mimi siijui."