Darubini ya nne ya Mama Enock

Masumbwe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla makarasha hayajaanza kusaga mawe ya dhahabu, Rebeka Ndaki ameshafunga madirisha yote ya maabara. Ananawa mikono, anaipunga hewani ikauke, kisha anakaa mbele ya darubini tatu za macho mawili ambazo wanafunzi huangalizia mwezi na nyota.

Kitambaa hakigusi kwanza. Anachukua kile kimpira cha kumvuta mtoto mchanga mafua, alichonunua duka la dawa, na kupuliza vumbi juu ya kioo. Inafuata brashi laini. Kitambaa ndicho cha mwisho, nacho kinaanzia katikati na kuzunguka kwenda pembeni, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta usoni.

"Hapa vumbi si vumbi, ni jiwe," anasema. "Ukifuta kabla ya kupuliza, umekwangua kioo."

Anasema hivyo huku akilikwepa kwa macho kabati la pembeni. Leo hata ukimsalimia anaitika nusu. Saa tisa alasiri anakuja Mwalimu Raphael, mstaafu aliyeiazimisha shule hii ya sekondari darubini nne miaka miwili iliyopita. Akikuta zimetunzwa, ataziacha moja kwa moja. Akikuta vinginevyo, atazichukua zote, na wanafunzi thelathini na wanne wa kikundi cha nyota watabaki na macho yao matupu.

Aliazimisha nne. Mezani zipo tatu.

Rebeka, ambaye hapa shuleni wanamwita Mama Enock, mwenye miaka 43 na watoto watatu, ni kibarua wa usafi wa maabara kwa Sh150,000 kwa mwezi. Darubini aliongezewa tu, bila senti ya ziada, akazipenda kuliko kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mwalimu Raphael alimwelekeza kwa mdomo siku moja, kupuliza kwanza, kisha kitambaa, akaondoka.

Lakini Rebeka ni mtoto wa Kishapu, kwenye pamba. "Kwetu pamba ndiyo usafi wenyewe," anasema. "Kidonda unafuta kwa pamba. Mtoto akizaliwa, pamba. Nikajiuliza, kitambaa cha dukani kitaishinda pamba ya mama yangu?"

Wiki ya kwanza akachukua bonge la pamba aliloletewa kutoka nyumbani, akaifuta darubini moja bila kuipuliza. Vumbi la karasha lilikuwa limetulia juu ya kioo.

"Nilisikia kama mchanga kwenye wali. Kuinua dirishani, mistari mitano."

Akaifunga kwenye kitenge, akaisukuma chini kabisa ya kabati. Waliouliza aliwaambia ni ya akiba. Ikawa ya akiba misimu miwili ya mvua, huku wanafunzi wakipanga foleni kwa zile tatu, na wa mwisho wakirudi nyumbani mwezi umeshazama.

Saa nne, wakati wa chai, Mwalimu Leodgar wa fizikia anachungulia mlangoni.

"Mama Enock, na ile ya akiba umeitoa? Mzee atazitaka zote."

Hana pa kukimbilia. Anapiga magoti, anakitoa kitenge, anakifungua. Mistari mitano ipo palepale. Ila sasa ndani ya kioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, umeota ukungu, vinyuzi vyeupe vimetambaa kama utando wa buibui. Rebeka anakaa chini sakafuni.

Mwalimu Leodgar anaigeuza mkononi kwa muda mrefu. "Tunaweza kusema ilikuja hivi," anasema kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

Rebeka anaipokea na kuinuka.

Saa tisa na robo gari linasimama. Mwalimu Raphael anapoingia anazikuta darubini nne zimepangwa mstari, na ya kwanza, karibu kabisa na mlango, ni ile yenye ukungu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Enock. Hii imekuwaje?"

Anamweleza yote: pamba, mistari, kitenge. Mzee anaielekeza darubini kwenye mwanga wa dirisha.

"Mikwaruzo hii haimzuii mtu kuuona mwezi," anasema. "Ungenionyesha wiki ileile, ningekwambia uendelee kuitumia. Kilichoiharibu ni kitenge na giza."

Waswahili walisema mapema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwalimu Raphael ameondoka nayo kumtafuta fundi Mwanza, bila kuahidi kuwa itapona. Zile tatu ameziacha mpaka mwisho wa muhula. Uamuzi atautoa atakaporudi.

Kwa hiyo hofu ya Rebeka haijaisha, imesogezwa tu mbele. Hata hivyo ana mpango wake. Kila Jumamosi darubini zote zitatolewa kabatini zipate hewa na mwanga, nzima na mbovu. Pamba ya Kishapu itabaki kwa vidonda.

"Na Jumatatu nitasimama mbele ya wanafunzi," anasema, akiuacha mlango wa kabati wazi. "Sijui wataniangaliaje. Ila wale waliokuwa wakingoja zamu mpaka mwezi unazama, wasikie kwangu mimi kwamba darubini ya nne ilikuwepo."