Magadi Kwenye Sufuria ya Alumini

Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo mjukuu wangu akinieleza kazi yake ya chuoni ananieleza kwa mambo ya jikoni. Anatengeneza kifaa cha kutambua gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na ikivuja ikakuta moto, inalipuka. Anachukua madini yanayoitwa paladiamu, anayageuza mvuke ndani ya mtungi ulionyonywa hewa yote, na mvuke unatua juu ya kipande cha kioo kama unavyotua kwenye kifuniko cha chungu. Utando huo ukikutana na haidrojeni unainywa, unavimba, umeme unapita kwa shida, na namba kwenye kompyuta inapanda. Nilielewa. Nikajivuna mpaka jengo letu lote hapa Hyattsville, huku ughaibuni, likajua.

Mwalimu wake alimpa sharti: kifaa kisidanganywe na kitu kingine chochote, la sivyo autupe utando ule aanze upya. Kazi ya mwaka mzima! Basi akakileta jikoni kwangu, eti hakuna mahali penye harufu nyingi kama hapa.

"Unanitukana, mke mwenzangu?"

"Ninakusifu, Bibi."

Nikakaanga dagaa. Namba haikusogea. Vitunguu, kimya. Mvuke wa wali, kimya. Hata udi nilichoma. Mtoto akaanza kutabasamu. Nikabandika maharage, nikatia magadi yaive upesi. Namba ikapanda.

Akazima jiko, akafungua dirisha, ikashuka. Akawasha tena, ikapanda tena. Akakaa sakafuni kama mzigo ulioangushwa.

"Kinadanganywa na maharage, Bibi. Maharage!"

Akafungua simu aanze kumwandikia mwalimu kwamba ameshindwa. Mimi nilikuwa naitazama sufuria, ilivyoanza kuwa nyeusi ndani. Kwetu magadi hutiwa kwenye chungu cha udongo. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa kuyatia kwenye sufuria mpya ya alumini, maana yanaitafuna, inatoa vipovu hata maji hayajachemka. Lakini huku chungu sina, na haraka zangu mnazijua.

"Hebu niambie," nikasema, "vile vipovu ni vya nini?"

Akaniangalia kama nimemzaba kofi. Akanyanyuka. Akachemsha maharage matupu kwenye sufuria nyingine ya alumini: kimya. Akatia maji moto ya magadi kwenye bakuli la kioo: kimya. Akayamimina kwenye alumini: namba ikapanda mbio.

"Bibi! Hii ni haidrojeni yenyewe!"

"Basi kifaa hakikudanganywa. Wewe ndiye umekisingizia."

Jumatatu alipanda basi kwenda chuoni kwake College Park na sufuria yangu mapajani. Waliipima ile gesi kwa mashine yao kubwa. Aliponipigia nilikuwa namlisha mzee ninayemtunza.

"Bibi, mwalimu amekubali. Ninaendelea na utando wangu."

Nilipiga kigelegele, mzee wa watu akamwaga supu. Nilimfuta huku nikimshukuru Mungu, nikamshukuru na marehemu mama kwa fimbo zile. Ila shukrani yangu kubwa ni kwa mtoto mwenyewe. Kwa elimu aliyonayo angeweza kuniambia, "Bibi, nyamaza, huyajui haya." Hakusema. Alisimama, akachukua bakuli, akajaribu.