Boti Yangu ya Zamani Imenijazia Mafuta

Leo nimeokolewa na boti niliyoiuza mwenyewe, na roho inaniuma mpaka sasa.

Abiria wa hapa Lituhi walipohamia kwenye mabasi, nilimwuzia jirani yangu Kasiani boti yangu ya abiria.
Siku hiyohiyo nikamwonyesha video kwenye simu: ndege za abiria zilizozeeka, jeshi limezigeuza za kubebea mafuta, zinajazia ndege za vita hukohuko angani.
Nilimwonyesha tushangae tu!

Mwenzangu akang'oa viti, akapanga mapipa. Sasa anawauzia wavuvi petroli katikati ya ziwa.

Asubuhi narudi na vijana wangu wa kazi kutoka kuvua usipa, injini ikazima. Mafuta yameisha.
Nani anakuja? Kasiani, meno yote nje.
Akanirushia mpira wa mafuta. "Kaa nyuma yangu, kaka, usinipite. Kama kwenye ile video yako."
Vijana wangu wakacheka. Vijana WANGU!

Nafika ufukweni, mke wangu hata ndoo za usipa hakuzitazama.
"Baba Neema, hivi Kasiani akili zile kazitoa wapi? Na wewe siku moja ubuni kitu."

Jamani, nyie mngemjibu nini?
Mimi nimeomba chai tu.