Jina la Ukoo Kwenye Ofisi ya Ardhi

Namshukuru Mungu aliyeniongezea miaka, akaniongezea na uso wa kustahimili aibu hii.

Mwishoni mwa miaka ya tisini redio ilisema watu duniani kote wanakimbilia kusajili majina kwenye mtandao wa kompyuta, kila mwezi wengi kuliko uliopita, na anayewahi ndiye mwenye jina. Sikutulia tena. Sisi wa Kiritiri tulichelewa kuandikisha ardhi, tukapoteza bonde letu la malisho. Sasa na jina la ukoo nalo liende?

Nikawakusanya wazee wenzangu.

"Nani ataiba jina letu?" akauliza Njue, rika langu. "Mzungu? Atalitamka vipi?"

"Cheka tu. Hata bonde ulilicheka."

Njue akamfungua kamba mbuzi wa kuchinjiwa wazee kazi ikiisha. Nikawaharakisha wote, na mbuzi wao, hadi ofisi ya ardhi, Embu. Nikamweleza karani, binti mpole, kwamba mashahidi wa ukoo ndio hawa.

"Guka," akaniita, yaani babu, "shamba liko wapi?"

"Si shamba. Ni jina letu, kule kwenye mtandao."

Akatazama wazee, akamtazama mbuzi. "Majina hayo hayasajiliwi hapa, Guka. Ni ya kompyuta."

"Na mipaka yake hupimwa na nani?"

"Hayana mipaka. Hata udongo hayana."

Nyuma yangu Njue alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Wewe unayesoma, Mungu alilinde jina lako, akupe na wenzako watakaokucheka bila kukuacha njiani.